Sinema Inayokuja Mvua Ikianza

Mwezi uliopita tulimzika Mama Nyambane kule Kebirigo, na mimi nilikuwa nimekaa kwa viti vya plastiki vya nyuma, mahali wanapokaa watu wanaopenda chakula kuliko hotuba. Mbele yangu kulikuwa na vijana wawili, wajukuu wa hapo nyumbani, wameinamia simu moja. Nikafikiri wanasoma Biblia, maana siku hizi Biblia iko kwa simu. Kumbe ni sinema. Tena si sinema yenyewe, ni vile vipande vya kuonjesha watu sinema ambayo bado haijafika. Mmoja akamwambia mwenzake, "Hii inatoka Aprili. Huyu jamaa lazima afe." Mwenzake akasema, "Hawezi kufa, ndiye ameshika bunduki kwa picha." Nikacheka peke yangu matangani, na mama mmoja akageuka akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kaburi. Sikuwa nacheka kwa ubaya. Nilicheka kwa sababu hiyo kazi ya kujua nani atakufa Aprili ilikuwa yangu. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu nilikuwa mtu wa kuwaambia watu wa Kisii na Nyamira sinema gani zinakuja, na huyo mama aliyelala kwa sanduku pale mbele ndiye alinisikiliza kuliko mtu mwingine yeyote, na mimi ningefurahi kama hangenisikiliza.

Shule iliishia kidato cha pili. Watu wengine husema waliacha shule. Mimi shule ndiyo iliniacha, nikaikimbilia kidogo, nikaona ina mbio. Lakini Kiingereza changu cha kidato cha pili kilitosha kabisa kuwa mfalme katika banda la video la Bwana Idi, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya nguo hapo Kisii mjini. Bwana Idi alizaliwa Kisii, baba yake alizaliwa Kisii, na bado watu walikuwa wanamuuliza kwao ni wapi. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa na blanketi za kijivu, mabenchi ya mbao yenye misumari iliyojua suruali ya kila mtu. Televisheni ilikaa juu ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kama mfungwa. Mimi nililala hapo hapo, kwenye godoro nyuma ya pazia. Upande wa pili wa ukuta palikuwa jikoni kwa Bi Saada, mke wa Bwana Idi, na kwa sababu ukuta ulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, kila sinema tuliyoonyesha ilikuwa na harufu ya vitunguu. Mpaka leo nikisikia harufu ya vitunguu vinakaangwa nangojea mtu apigwe risasi.

Kazi yangu ilikuwa mbili. Ya kwanza, sinema ikiendelea mimi nilishika kipaza sauti nikatafsiri kila mtu anasema nini, na yule nisiyemwelewa nikampatia maneno yangu. Nilitafsiri kwa Kiswahili, hiyo ilikuwa sheria ya Bwana Idi, kwa sababu bandani walikuja Wakisii, Wajaluo, Wakikuyu wa dukani, Wakipsigis wa kuuza maziwa, na yeye alisema hataki kabila moja licheke kabla ya lingine. Kazi ya pili ilikuwa siku za soko. Nilibeba kipaza sauti cha betri mpaka Daraja Mbili, nikapita katikati ya ndizi na mitumba nikieleza sinema zinazokuja. Nilizijua kutoka kwa kaseti zenyewe. Ukiweka kaseti kwenye deki, kabla ya sinema kuanza, zinatangulia hizo za kuonjesha, mbili au tatu, kila moja fupi kama kupiga chafya. Mimi nikichukua hiyo chafya nilikuwa natoa ugonjwa mzima. Kina mama wa ndizi walinijua. "Makori, wewe ulisema yule msichana ataolewa na daktari, mbona aliolewa na polisi?" Nikasema, "Mama, daktari alikataa mahari." Wakacheka, na jioni wakawatuma watoto wao waje walipe waingie.

Sasa hizo sinema za kuonjesha zilikuwa na sauti ya mzungu mmoja, kama anaongea akiwa ndani ya mtungi, na mwishoni husema itafika kwa majumba ya sinema lini. Nyingi za mwaka huo zilikuwa zinakuja majira fulani ya huko kwao ambayo sikuyajua. Nikamuuliza Bwana Idi. Akasema, "Ni wakati baridi yao inaisha, mwanangu, miti inachipua." Kwetu Kisii miti haijawahi kupumzika kuchipua, kwa hivyo nikapiga hesabu yangu, nikaona karibu yake ni mvua ya Aprili. Ndivyo nilivyotangaza: inakuja mvua ikianza. Bwana Idi akaniambia pia kwamba hiyo ni kufika huko kwao. Kufika kwetu ni mpaka itoke kwa kaseti, halafu mtu Nairobi ainakili, halafu aipakie kwenye basi. Hiyo sehemu haikuwa tamu kwa kipaza sauti, nikaiacha.

Ilikuwa Januari, kiangazi, wakati Bwana Idi alipoleta kaseti mpya na mimi nikaiweka kwanza peke yangu kabla ya watu kuingia. Ya tatu ya kuonjesha ilikuwa ya daktari mzungu anapita nchi kavu na masanduku ya dawa. Nyuma yake mstari wa wapagazi, weusi kama sisi. Mmoja alikuwa amebeba sanduku kwa bega la kushoto na mkono wa kulia ameupitisha juu ya kichwa kulishika, umekunjika kama mshikio wa kikombe. Akageuka akatuangalia. Halafu wakaonyesha moto, farasi, na mwanamke analia. Nilipiga kelele mpaka Bi Saada akatokea na unga mikononi. "Nini? Umeumwa na stima?" Nikamwambia, "Bi Saada, huyo ni Nyambane."

Nyambane tulikaa dawati moja. Yeye ndiye alinionyesha jinsi ya kulala darasani macho yakiwa wazi. Alikuwa na kawaida ya kubeba mkungu wa ndizi namna hiyo, mkono juu ya kichwa, na hakuna mtu mwingine pale Kebirigo alibeba hivyo. Alienda Nairobi kutafuta kazi, akatuma salamu na watu, akatuma salamu tena, halafu zikakatika. Baba yake akafa, akazikwa, Nyambane hakuja. Kwetu mtoto wa kwanza akikosa kuja kuzika baba yake, watu huacha kuuliza yuko wapi, huanza kuuliza yuko au hayuko.

Nilienda Kebirigo siku hiyo hiyo. Nilimkuta Mama Nyambane jikoni anasonga ugali wa wimbi, mboga za chinsaga ziko kwa sufuria kando, na sebuleni kulikuwa na wazee. Kabla sijafungua mdomo akaninyamazisha kwa kidole, tusikilize. Alikuwa anaongea Mzee Ombati, ndugu ya marehemu mume wake. "Ongeri anataka kuoa," alisema, "na Nyambane, mkubwa wake, hana mke wala hana kaburi. Kijana ataoa akiwa amemruka nani? Tukate mgomba, tuuzike, hii boma ipumue." Wengine wakasema ndiyo. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Mtu akipotea miaka mingi na mwili hauonekani, wazee hukata mgomba, wanaufunga shuka, wanauweka kwa sanduku na kuuzika kama yeye. Sisi ni Wasabato, mchana hatuamini hayo mambo, lakini sijaona Msabato aliyekataa kuchimba hilo shimo. Na ukishazikwa mgomba wako, umekufa. Hata ukija kwa miguu yako, wanakukimbia, unarudi kwa mlango upi?

Yule mama hakuacha kusonga. Alikuwa anageuza ugali na machozi yanaanguka ndani, na mimi nikafikiri, huu ugali leo hautahitaji chumvi, ndivyo nilivyo, hata kwa shida akili yangu inatafuta kicheko. Nikamwambia nilichoona. Hakuuliza hata mara mbili. Alitoa sufuria kwa moto, akaingia sebuleni na mwiko mkononi, ugali bado umeshikilia, akawaambia, "Mwanangu hajafa. Yuko kwa sinema."

Mzee Ombati hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, hii habari ingekuwa rahisi. Alivua kofia, akaniita, akanipatia kiti. "Sinema ni watu wa kuigiza," akasema. "Wanakufa na wanaamka." Nikamwambia, "Mzee, hata wa kuigiza lazima awe hai ndio aigize." Wazee wakatazamana. Hiyo iliwaingia. Akaniuliza kama huyo mtu ataonekana vizuri zaidi kwa sinema yenyewe. Nikasema sana, ile ilikuwa ya kuonjesha tu, nzima itakuwa naye kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Na inakuja lini?" Wote wakaniangalia, na mama na mwiko wake akaniangalia. Nikasema vile nilivyozoea kusema. "Mvua ikianza." Mzee Ombati akafikiri. "Basi tutangoja mvua. Tutaenda tuone kwa macho yetu. Kama yuko, tutachanga tumtafute, hata kama ni huko jangwani. Kama hayuko, shemeji, usitupinge tena."

Kutoka hapo Mama Nyambane alikuja kila siku ya soko. Akimaliza kuuza ndizi zake Daraja Mbili, anapanda mjini na kikapu kitupu, anaingia bandani kabla ya watu wa alasiri. Bi Saada alimwekea stuli karibu na televisheni, akamletea chai na chapati moja iliyokunjwa. Mmoja na buibui, mwingine na kitambaa cha kanisa, walikaa hapo chini ya lile sanduku la chuma kama wanangoja daktari awaite. Mimi naweka kaseti. Daktari, masanduku, wapagazi. "Rudisha," anasema. Narudisha. "Simamisha hapo." Nikisimamisha, picha inatetemeka, mstari mweupe unapita kifuani mwake. "Amekonda," mama anasema. Bi Saada anamwambia, "Ni jua la huko, dada. Akila atarudi." "Hiyo koti si yake." "Watakuwa wamempa. Hao watu wa sinema hutoa nguo." "Rudisha, Makori."

Leo hao vijana wa simu wanasimamisha uso wa mtu wanaukuza mpaka unahesabu nywele za pua. Kaseti haikuwa hivyo. Kila ukiirudisha, deki inaikwangua kidogo. Ilipofika Machi, Bwana Idi aliniita pembeni, akanionyesha ile sehemu: kwa uso wa Nyambane kulikuwa na chengachenga nyeupe, kama mtu amemwagia unga. "Mwanangu," akasema, "mnammaliza. Mkiendelea hivi hamtabaki na kitu." Nikamweleza mama. Nilidhani atalia. Akasema, "Basi mara moja tu kila nikija." Na hiyo mara moja ikipita mimi nilifumba macho, nikiona kama nikiangalia na mimi ninakula sehemu yake. Siku moja alikuja, akakaa, akanywa chai, akasema leo asionyeshwe, tumwache apumzike.

Halafu mvua ikaanza. Watu wa Nyamira ni watu wa majani chai, mvua kwao ni mshahara, na nafikiri mimi ndiye mtu pekee katika kaunti mbili aliyekuwa anaomba ukame. Sinema haikuja. Kila asubuhi nilikimbia kwa ofisi ya mabasi kuuliza kama kuna mzigo wa Bwana Idi kutoka Nairobi, mpaka karani akawa akiniona anatikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Bwana Idi alimpigia simu mtu wake wa kaseti, akampigia tena, mtu akasema hiyo sinema hata hajaisikia. Daraja Mbili nilitangaza zingine zote, za mateke, za mapenzi, hakuna aliyesikiliza. "Makori, mvua imeanza," mama mmoja wa ndizi akaniambia. Nikasema hiyo ni ya kupanguza vumbi. Wiki ya pili ikanyesha ya kubeba mabanda. Nikasema hiyo ni ya Kericho, imepotea njia. Wakacheka, lakini kicheko cha kunihurumia, na hicho mchekeshaji hakili. Usiku nilisikia matone kwa mabati juu ya godoro langu na kila tone nililisikia kama jembe.

Mzee Ombati alikuja mwenyewe mjini na mwavuli. Tulisimama mlangoni pa banda, maji yanapita katikati ya miguu yetu. "Kijana," akasema kwa upole, "hii mvua iko au haiko?" Nikasema, "Iko, mzee." "Na sinema?" "Iko njiani." Akaangalia barabara kana kwamba angeiona. "Mgomba hauna njia," akasema. "Uko tu nyumbani." Lakini alingoja. Alingoja mpaka mvua ikapungua, mpaka mahindi ya watu yakafika kifuani, na mkwe mtarajiwa wa Ongeri akaanza kutuma maneno ya kuuliza harusi.

Kaseti ilifika kwa basi la mchana, imefungwa kwa gazeti. Nilitaka kuiangalia kwanza peke yangu. Bwana Idi akakataa. Alisema kama kuna kitu hapo ni cha mama kuona kabla yangu, na kama hakuna, afadhali nisijue mapema, nisije nikatunga maneno kwa kipaza sauti. Tukatuma ujumbe Kebirigo. Alhamisi alasiri banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwa mapaja ya wengine, nusu ya soko la ndizi ilikuwa humo. Mama Nyambane alikuwa benchi la mbele na Bi Saada, Mzee Ombati kando yao na kofia juu ya goti. Ongeri alisimama ukutani.

Nikatafsiri. Daktari akafika, akagombana na mke wake, nikawapatia ugomvi mzuri. Nchi kavu ikaja. Wapagazi wakaja. Nikajua hiyo ndiyo sehemu, daktari amevaa kofia ile ile, masanduku yale yale. Mstari ukapita, mbele mpaka nyuma. Hakuna aliyegeuka. Mkono juu ya kichwa haukuwepo. Wakaonyesha moto, halafu farasi, halafu mwanamke analia, zote zimefuatana kama zilivyokuwa, isipokuwa yeye. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba wale watu hukata. Wanapiga picha nyingi, wanaonjesha watu kitu, halafu kwa sinema yenyewe hicho kitu wanakitupa. Wakati huo sikujua. Niliona tu bega la Mama Nyambane linaanza kutetemeka, na Mzee Ombati ameinamisha kichwa, hamtazami, anampatia nafasi. Kwa televisheni wapagazi walikuwa wamerudi, mbali, juu ya kilima, wadogo kama siafu, masanduku yamefunika nyuso. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukamchukua mmoja wao. "Mama," nikasema kwa kipaza sauti, "ni mimi mwanao, Nyambane wa Kebirigo. Niko mzima. Kazi ikiisha nitarudi nyumbani."

Banda likalipuka. Watu walipiga makofi, kina mama wa ndizi wakapiga vigelegele, mtu akasema, "Si niliwaambia." Ongeri akashika kichwa. Hata Mzee Ombati aliinua uso, na naapa kuna kitu kilifunguka hapo, alitaka kuamini, yule mzee alitaka sana. Mama Nyambane peke yake hakusonga. Alingoja mpaka kelele zikatulia. Halafu bila kugeuka akaniambia kwa Kikisii, pole pole, kama mtu anamrekebisha mtoto wake mwenyewe, "Makori. Mwanangu hajawahi kunisalimia kwa Kiswahili."

Kuna mtu alicheka kidogo akanyamaza. Nilishika kile kipaza sauti, daktari anaongea kwa televisheni na hakuna wa kumtafsiri. Nikasikia tu mafuta yanachemka jikoni. "Endelea," mama akasema. "Hawa watu wamelipa." Nikaendelea. Nilitafsiri mpaka mwisho, na nikaweka utani wangu mahali pa utani, na watu wakacheka mahali pa kucheka, na pua yangu inatiririka kwa kipaza sauti. Daktari aliokoa kijiji. Taa ikawashwa, watu wakatoka bila kusukumana, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

Mama Nyambane hakuinuka. Kwa televisheni maandishi meupe yalikuwa yanapanda. "Hayo ni nini?" akauliza. Nikasema ni majina ya watu waliofanya kazi. "Soma." "Ni mengi, mama." "Soma." Bwana Idi akafunga mlango, watu wa zamu ya pili wakabaki nje wanagonga mabati. Nikarudisha, nikaanza. Yalikuwa majina ya kizungu marefu, nikayatafuna kama mifupa, na yakipanda haraka nasimamisha, nasoma, naachilia. Wa taa, wa nguo, wa farasi, wa kupika. Mzee Ombati alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi, akaketi, akasikiliza na yeye. Yakaja majina ya kwetu, madereva wachache, Mkamba mmoja, Mmasai, Mkikuyu, na kwa kila moja niliona mama anashika ukingo wa benchi. Kisha mstari mmoja, halafu giza.

"Huo wa mwisho unasema nini?"

"Wanashukuru watu wote waliobeba mizigo."

"Hawakuwataja?"

"Hawakuwataja, mama."

Bi Saada alikuwa amemshika mama mkono, unga wa chapati aliokuja nao wote umepita kwake. Mwishowe mama akafunga kitambaa chake vizuri, akachukua kikapu, akamwendea shemeji yake.

"Haya, kateni mgomba," akasema. "Lakini si ule wa kando ya choo. Kateni ule aliopanda yeye."